Pete Isiyo na Mke Mwenza

Nimeacha kazi kwa sababu jicho langu la kulia, lililobaki peke yake, halioni tena rangi nyekundu sawasawa, na sonara asiyeona nyekundu hana tofauti na mpishi asiyesikia harufu. Nawaandikia nyinyi mnaobaki na benchi langu hapa Kibiti. Mtaambiwa kwamba Fundi Saidi alikuwa bingwa wa kuunga pete bila lehemu, na kwamba mkono wake haukuwahi kutetemeka. Msiwaamini. Nilitetemeka ndani kwa ndani kila siku ya Mungu. Watu hudhani sonara huogopa wezi. Mwizi huja mara moja katika maisha yako, tena akija. Mimi nilikuwa naogopa rangi.

Nilitoka kwetu Ruaruke sijapata kushika dhahabu. Sisi tulikuwa watu wa korosho na mpunga, na dhahabu niliyoijua ilikuwa kipini kwenye pua ya bibi yangu, ambacho hakuna mjukuu aliyethubutu kukigusa. Aliyenipokea ni Fundi Mkumba, mtu mfupi, mkali, mwenye nyusi zilizokwisha kuungua zote. Siku ya kwanza alinipa pete ya shaba iliyokatwa na tupa ndogo. "Sugua ncha mpaka zikutane," akasema. Nikasugua hadi adhuhuri. Akaichukua, akainyanyua dirishani.

"Unaona nini?"

"Pete, fundi."

"Mimi naona jua. Rudi ukasugue."

Nilisugua siku tatu. Ya nne hakusema kitu, akanipa pete nyingine. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa pongezi, na mtaizoea kama mlivyonizoea mimi.

Kuhusu lehemu mnajua, lakini niseme kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Lehemu ni dhahabu iliyochanganywa na fedha na shaba ili iyeyuke upesi. Unaiweka kwenye ufa, unaipasha, inatambaa yenyewe, unakwenda zako kunywa chai. Kuunga bila lehemu ni habari nyingine, hakuna cha kukusaidia. Unakata pete, unatoa kipande kama ni ya kupunguzwa au unatia kipande kama ni ya kupanuliwa. Unazikutanisha ncha mpaka mwanga usipite, unapaka ule unga mweupe wa kuzuia uchafu, unailaza juu ya mkaa. Halafu unaipasha pete yote nzima, si ufa peke yake, mpaka dhahabu yenyewe ikubali kushikana na dhahabu. Huko kukubali ni kitambo cha pumzi moja. Kabla yake una ufa. Baada yake una kidonge.

Fundi Mkumba alikuwa na maneno yake ya kutuongoza hapo. "Dhahabu ikitoa jasho, ondoa moto," alisema. "Ikitoa machozi, umeshachelewa." Jasho ni ule mng'ao unaotambaa juu ya pete ghafla, kama vile imelowa. Machozi sina haja ya kuwaeleza.

Mtauliza kwa nini tujitese, na lehemu ipo kwenye kopo. Waulizeni wanawake wa huku kwenye delta ya mto. Wao hawataki lehemu kwenye pete ya ndoa. Wanaiita mke mwenza, kwa sababu ni dhahabu ya kando iliyojipenyeza kati ya ncha mbili zilizokuwa zimetosheka. Wala si ushirikina mtupu. Nilipokuwa bado mwanafunzi, nilichoka siku moja nikatia lehemu pete ya mama mmoja wa Ngorongo, nikamwambia nimeunga kavu. Yule mama alikuwa akisafisha pete yake kwa ndimu na majivu. Baada ya miezi kadhaa ukatokea mstari mweusi pale penye ufa, mwembamba kama unywele. Alipanda gari kutoka Ngorongo mpaka Kibiti, akaniwekea kidole chini ya pua.

"Nani huyu?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Huyu mweusi aliyelala katikati. Nimeolewa peke yangu mimi!"

Fundi Mkumba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanikataza kugusa moto mwezi mzima. Toka siku ile sikutia lehemu tena kwenye pete ya ndoa. Nilidhani hilo ndilo kosa kubwa ninaloweza kulifanya katika kazi hii.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu Fundi Mkumba aniachie benchi, yeye amekaa nyumbani macho yamekwisha. Asubuhi moja akaingia mwanamke wa makamo, ana kapu la kaa kichwani, wamefungwa kamba lakini bado wanakwaruza. Aliitwa Bi Somoe. Alitoka kisiwani, ng'ambo ya Nyamisati, amekuja kuuza kaa wake na kurudi na boti ya jioni. Akafungua pindo la kanga, akatoa pete na kipuli kimoja kilichovunjika.

"Vya mama," akasema. "Tumemzika juzi, arobaini bado. Waosha maiti waliivua hii pete kwa sabuni, wakahangaika nayo, mimi nimesimama pale natazama. Kidole changu kinene. Panua, utie na hiki kipuli, ili yote iwe yake."

"Inshallah, Bi Somoe."

"Na usinitie mke mwenza. Mama aliishi na mke mwenza miaka yake yote, hakufurahi hata siku moja. Asije akamkuta tena humo ndani."

Tulicheka wote wawili. Akaniachia pete, akaenda sokoni.

Fundi Mkumba alikuwa na sheria moja iliyotangulia zote: itazame pete kabla hujaiwasha. Itazame kama mtu anayeaga. Mimi niliitazama kama mtu anayepita. Niliona imelika upande mmoja. Niliona pia alama upande wa kiganja, kibonyeo hivi, nikajisemea moyoni: panga. Huku kwetu watu wanakata mikoko, kila mkono una kovu la panga na kila pete ina alama yake. Sikuitazama mara ya pili. Kosa jingine, kile kipuli sikukijaribu kwenye jiwe la kupimia dhahabu. Kilikuwa na shaba nyingi kuliko pete, kwa hiyo kingeyeyuka mapema.

Nikakata kando ya ile alama, nikatia kipande cha kipuli, nikaziba mwanga, nikawasha. Pete ikawa nyekundu ya damu, ikaja ya machungwa. Nikasubiri jasho. Kile kipande kikatoa jasho kabla ya wenzake, nami nikaona pete imechelewa kidogo tu, nikaongeza moto ili nayo ifike. Astaghfirullah! Kipande kikayeyuka, kikazivuta ncha zote mbili, na pale palipolika pakakatika. Sikuwahi hata kuondoa mkono. Pete ya marehemu ilikuwa kidonge kinachocheza juu ya mkaa.

Nilizima moto nikakitazama kile kidonge kinapoa. Nilisikia muadhini wa adhuhuri, sikuinuka. Nilikuwa naweza kumngoja Bi Somoe nikamwambia: dada yangu, nimeunguza. Nilikuwa naweza hata kwenda kwa Fundi Mkumba, hatua chache tu, nikamuuliza nifanye nini. Lakini nilikuwa mgeni kwenye benchi, na niliogopa. Niliona watu wa Nyamisati wakisimuliana botini kwamba sonara wa Kibiti kayeyusha pete ya maiti. Niliona mlango wangu umefungwa. Woga una ufundi wake, jamani, tena hauhitaji kufundishwa.

Nilikifua kile kidonge kikawa waya, waya nikaupinda ukawa pete. Ufa nikauunga kavu, safari hii nikaona jasho na nikaondoa moto kwa wakati. Dhahabu ilikuwa ile ile, hata chembe haikupotea. Nikajiambia basi, kuna dhambi gani? Kisha nikakumbuka alama. Nikachukua patasi ndogo, nikaiweka upande wa kiganja, nikagonga mara moja. Nikapaka masizi ionekane kuukuu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Bi Somoe alirudi baada ya alasiri, kapu tupu. Akaivaa, ikamkaa sawasawa. Akaigeuza, akapitisha dole gumba upande wa kiganja, polepole, akalirudisha tena. Halafu machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Nikadhani ni furaha. Nikamwambia kwa ulimi wangu huu, "Mama yupo hapo, Bi Somoe."

Akanitazama kidogo. "Ahsante, fundi," akasema, akaenda zake kuwahi boti.

Tangu hapo kila bamvu, maji yanapojaa sana na kaa kupatikana kwa wingi, alikuwa akija Kibiti, na kila akija alipita kwangu. Hakuwa na kazi ya kunipa. Alisimama mlangoni, akaegesha kiganja chake kwenye benchi, pete upande wa juu, kisha ananijulia hali.

"Fundi, huna neno?"

"Sina neno, Bi Somoe. Na wewe?"

"Tumo tu."

Basi, anaondoka. Mnaijua salamu hiyo, watu wote wa huku tunasalimiana hivyo, na jibu lake ni hilo hilo moja. Lakini mimi kila nikimwona anakuja barabarani na kapu lake nilikuwa nasikia joto masikioni. Nilikuwa nakitazama kile kidole gumba. Kikisogea kwenye alama, nainamia tupa. Kuna siku nilimwona mbali nikajifungia chooni mpaka alipopita, mtu mzima na ndevu zangu. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, ndivyo wanavyosema, lakini kunguru hana benchi la kurudia kesho yake. Fundi Mkumba alifariki sijamwambia. Nilipeleka mkono wangu kwenye jeneza lake, nikambeba, na lile neno nikiwa nalo bado mdomoni.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Mtungi wa gesi ukaja, mrija wa kupuliza kwa mdomo ukatundikwa ukutani. Niliunga pete nyingi, na hakuna hata moja niliyoiwasha bila kuitazama mara mbili, tatu, mpaka wateja wakawa wanauliza kama nimesinzia. Huo ndio ustadi wangu mnaosifia.

Mwaka jana, jicho likiwa limeshaanza kuniacha, Bi Somoe alikuja siku ambayo si ya bamvu. Hakuwa na kapu. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili, anashikwa mkono na binti yake, Mwanaidi, na Mwanaidi amembeba mtoto ubavuni, wa miezi saba hivi, udenda umemlowesha kifua. Mwanaidi akaniamkia, nikaitikia, nikawapa viti.

"Naumwa, fundi," Bi Somoe akasema. "Pete inanichomoka kidoleni. Mpunguzie huyu, kidole chake chembamba. Sitaki waosha maiti wahangaike na kidole changu kwa sabuni. Nampa mwenyewe, nikiwa hai naona."

"Mungu atakupa afya."

"Atanipa au hatanipa. Wewe kata. Kata upande wowote, ila pale penye alama usiguse."

Niliipokea pete ikawa nzito kuliko uzito wake. Kopo la lehemu lilikuwa pale pale karibu na goti langu. Kwa jicho lile, lehemu ingekuwa salama: moto mdogo, hatari ndogo. Na nikiiyeyusha tena mbele yao, je? Jasho lilinitoka mimi kabla ya dhahabu. Nikalisukuma kopo kwa mguu mpaka chini ya meza. Nikakata, nikatoa kipande, nikakifunga kwenye karatasi nikamkabidhi Bi Somoe, maana kipande cha mteja hakilali kwa sonara. Nikazisugua ncha. Nikainyanyua dirishani, nikamwomba Mwanaidi aniangalizie kama anaona jua.

"Sioni, mzee."

Nikawasha. Nyekundu sikuiona. Ilikuwa kijivu tu, kijivu kinachokolea. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, na sikuwa naombea pete peke yake. Nikakumbuka kwamba jasho halina rangi, ni mng'ao tu, na mng'ao nilikuwa bado nauona. Nikaacha kutafuta rangi niliyoiogopa maisha yangu yote, nikangoja mng'ao. Ukatambaa, nikaondoa moto. Mtoto akapiga kelele ya kufurahia pete ilipochomoka kwenye maji.

Niliichemsha kwenye maji ya shabu itoke weusi, nikaifuta, nikampa Mwanaidi aipime kwanza kabla sijaipiga nyundo kuikaza, maana mnajua pete iliyotoka motoni ni laini. Ikamkaa. Naye akapitisha dole gumba upande wa kiganja, vile vile kama mama yake.

"Mama, hii ndiyo alama ya meno yako? Mbona moja? Si ulisema yalikuwa mawili?"

"Meno?" nikasema.

Bi Somoe hakunitazama. "Muulize fundi," akamwambia binti yake.

Mwanaidi akanigeukia. Kaa kimya miaka ishirini, halafu uone kimya kinavyopiga kelele. Niliweka koleo chini. Nikamwambia yote: kipuli, moto, kidonge, patasi, masizi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilidhani ni panga," nikasema. "Naomba radhi, mwanangu. Bi Somoe, naomba radhi. Dhahabu ni ile ile, wallahi."

"Najua ni ile ile," akasema Bi Somoe. "Nilijua na hayo mengine, toka nilipoivaa hapa hapa. Nililia, ukaniambia mama yupo."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilipokuwa mchanga," akaendelea, "walivumisha kijijini kwamba mimi kigego, meno ya juu yametangulia, mtoto wa mkosi. Wakamtaka mama anitupe. Mama alikuwa akinitia kidole mdomoni, kiganja chini, nitafune, na pete ilikuwa imembana, haizunguki. Akawaonyesha: meno yameuma upande wa kiganja. Ya chini. Mawili. Ile pete ndiyo iliyoniacha hai, fundi."

Mtoto alikuwa akimtazama bibi yake.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema, meno yangerudi? Nilikuwa nakungoja. Kila bamvu nakuja nakuuliza, fundi, huna neno? Nawe unanijibu huna."

Nililia, tena mbele ya mtoto mdogo. Bi Somoe aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa sauti ya kazi, kama mtu anayenunua chumvi. "Hii bado laini?"

"Laini. Sijaipiga nyundo."

"Usiipige." Akamgeukia binti yake. "Mtie kidole huyo."

Mwanaidi akamtia mtoto kidole mdomoni, kiganja chini. Mtoto alikitema kwanza, akacheka, akakishika kwa mikono miwili, akauma kwa nguvu zake zote mpaka mama yake akasema "Aii!" Tukaitazama dirishani, vichwa vitatu. Kando ya mstari wa patasi yangu palikuwa na kidoa kidogo, kimezama.

"Kimoja tu," Mwanaidi akasema.

"Jino limeota moja," akasema bibi. "La pili litakuja. Na huo mstari wa fundi uacheni, hata huo una habari yake."

Akaomba kuishika. Akapitisha dole gumba kwenye mstari, akafika kwenye kidoa, akakaa hapo. Machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Niliogopa kuliko siku zote, lakini safari hii sikudhani. Nikamuuliza.

"Bi Somoe, huna neno?"

Akalibonyeza dole gumba pale pale.

"Leo sina neno, fundi."